Analilia Jina

Mgwashi, 5 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Bungu, na masikio je? Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nepi. Simu huisikii na ujumbe hujui kuufungua, basi Alen wa lori la kabichi atakuletea hii.

Mjukuu wako ana wiki sita leo. Kope ndefu kama za baba yake Tobia. Ila analia, mama. Siku ya tatu hii analia mpaka sauti inakwaruza, na anaharisha kidogo. Mama mkwe anasema si ugonjwa, analilia jina. Kuna mzee wa ukoo anataka jina lake lirudi. Kwa hiyo tunakaa jikoni, mama mkwe anawaita waliokufa mmoja mmoja. Jina atakalonyamazia mtoto ndilo lake. Ameshaita Chausiku, aliyezaliwa usiku. Ameita Sikujua, ambaye mama yake hakujua ana mimba mpaka mwezi wa sita. Wapi! Mtoto analia tu. Mimi nilitaka Beatha, lakini mama mkwe hataki hata kulisikia.

Mwanao,
Rahabu

Bungu, 9 Aprili

Rahabu mwanangu,

Marahaba. Masikio ni yaleyale, mtu akipiga kelele nasikia nusu. Hizo kope nimezifurahia sana.

Majina hayo siyachukii. Zamani jina lilikuwa habari, ukilisikia unajua mwaka ule nyumba ile ilipatwa na nini. Lakini Sikujua mwambie mama mkwe wako nimelikataa, mjukuu wangu atajua! Ila kuita majina ili mtoto anyamaze, hapana, hilo silipendi. Sababu yake nitakueleza tukionana. Wewe nijibu haya tu: ana joto? Ananyonya? Nepi ngapi kwa siku?

Mama yako

Mgwashi, 12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mguu wako na baridi hii vipi? Mimi leo nina furaha, naandika huku nacheka.

Jina limepatikana! Jana mchana mama mkwe aliita Mashaka. Huyo ni bibi yake, alizaliwa nzige walipomaliza mahindi yote. Mtoto akanyamaza hapo hapo. Mama mkwe akapiga vigelegele, akanigeukia: "Haya, wewe na Beatha wako! Beatha wa wapi? Huyu ni mkubwa wako, umsalimie shikamoo!" Nikamsalimia kweli, tukacheka mpaka Tobia akaja kuchungulia.

Tangu hapo nyumba imetulia. Analala kutwa, hata nikimwogesha hashtuki. Kunyonya anachoka upesi, namkamulia kidogo mdomoni. Umeniuliza nepi: tangu asubuhi ni kavu, hata kufua nimepumzika. Joto halipo tena, miguu imepoa vizuri. Atapewa jina Jumapili ya tarehe 21. Kabla ya hapo hatakiwi kuvuka kizingiti. Uje, mama, nitakupikia bada, ugali wetu wa muhogo.

Mwanao mwenye furaha,
Rahabu

Bungu, 14 Aprili

Rahabu,

Sikusalimii. Mfunge mtoto mgongoni uende hospitali sasa hivi, barua utamalizia njiani.

Hakunyamaza kwa kuridhika na jina. Ameishiwa nguvu ya kulia. Mguse utosi. Ukiona umebonyea, maji yamemwishia mwilini, usimsubiri mtu.

Kabla yako nilizaa mtoto wa kiume, sijawahi kukuambia. Alilia siku nne, tukaita majina, akanyamaza tulipoita Sheshe. Tulishangilia kama nyie. Nepi zake nazo zilikuwa kavu, nami nikashukuru kupumzika kufua. Siku ya tatu tukamzika kwa jina hilohilo. Ndiyo maana wewe hukuitiwa jina la mtu wa ukoo. Nilifungua Biblia nikachukua la kwanza nililoweza kulisoma.

Mwalimu wa hapa amekupigia tangu asubuhi, simu yako haipatikani. Udongo umeporomoka, gari halipiti. Alen ameniahidi atatembea.

Mama yako

Mgwashi, 16 Aprili, asubuhi

Mama,

Alen amefika sasa hivi, matope mpaka kiunoni. Nimegusa utosi. Kidole kinazama.

Nimemsomea mama mkwe barua yako yote. Akasema, "Ukimtoa kabla ya Jumapili, Mashaka ataondoka na mtoto wake. Mama yako alikosea jina, sisi hatujakosea." Nikamtazama Tobia. Akasema, "Jumapili si mbali, mama Mashaka." Ndivyo anavyoniita siku hizi. Nikasema haya, nakwenda kuchota maji.

Niko nyuma ya migomba, mtoto nimemtoa nimemficha ndani ya kanga. Ndoo nimeitupa. Alen amekimbia kutafuta bodaboda wa kutufikisha hospitali Bumbuli, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Mtoto anapumua mbiombio, macho nusu wazi. Nimemwita Mashaka, hakugeuka. Nimemwita Beatha, hakugeuka vilevile. Sasa simwiti jina, namwambia tu mama yuko hapa.

Namkamulia, maziwa yanatoka pembeni mwa mdomo. Lakini tone moja amelimeza, nimeliona koo likicheza. Moja, mama. Usinichoke nikisema hilo ni kubwa.

Nasikia pikipiki. Alen atakuletea karatasi hii leo, na keshokutwa atapita hospitali kwanza ndipo aje kwako. Akikuletea barua yangu, nifuate Bumbuli. Akija mikono mitupu, njoo Mgwashi.

Mwanao,
Rahabu