Mlingoti wa Lornah

Jumatatu, 1 Oktoba 1990

Naibu chifu Oduor amepita asubuhi. Hakumaliza hata chai. Anataka ripoti kwangu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa kuwa mimi ndimi mzee wa mtaa: mjane Lornah amesimamisha mti gani nyumbani kwake?

Aliyeshtaki ni Dorca, mama mkwe wake. Ameona kitu kimechomoza juu ya paa la nyasi, akadhani ni osuri — ule mti wa kileleni unaotangaza kwamba mwenye nyumba yu hai. Osuri ya Ogola, mumewe Lornah, ilivunjwa siku alipozikwa, nami nilikuwapo. Dorca amelia njia nzima: mwanawe hajatimiza mwaka udongoni, na huyu amekwisha kujiwekea bwana!

Nimekwenda kujionea. Si osuri. Ni mwanzi uliosimikwa nyuma ya nyumba, umefungiwa vyuma vya mwavuli mbovu na waya za shaba. Ukiwa njiani, macho hukudanganya.

Nikamwuliza Lornah ni nini.

"Ni sikio, Mwalimu."

Sikio! La kusikiliza nini? Akaonyesha mbinguni kwa bisibisi. Nikaaga kwa ukali, kama kawaida yangu. Sasa najuta. Ningeuliza.

Jumanne, 2 Oktoba 1990

Nimerudi. Nimeuliza.

Ogola alikuwa fundi wa redio. Lornah alikaa kando yake miaka minane akishika waya, na sasa watu wa mtaa wetu wa Nyalenda humletea redio zao yeye. Marehemu aliacha chombo kimoja cha kunasia mawimbi. Kwa chombo hicho Lornah husikiliza satelaiti. Nilidhani satelaiti ni mali ya serikali kubwa tu. Sivyo, asema. Hii imeundwa na wapenzi wa redio, watu wa kawaida, kwa michango yao. Si nzito kuliko debe la mahindi. Iliomba lifti kwenye roketi ya wengine.

"Kama vile mama wa samaki anaweka kikapu yake juu ya lori ya sukari," akasema.

(Kikapu chake. Lori la sukari. Sikumsahihisha. Mara ya kwanza mwaka huu.)

Satelaiti hiyo huita kila mtu, haibagui. Hupita juu yetu asubuhi kwa dakika kumi hivi, kisha huzama upande wa pili.

Jumatano, 3 Oktoba 1990

Ameniazima gazeti la Kimarekani aliloachiwa na mzungu mmoja mchimba visima. Nimelisoma mara mbili, na kamusi. Mwandishi wake adai kwamba anga si shamba la serikali. Mtu akiunda chombo kwa jasho lake, asidhuru mwingine, na aruke, asiombe ruhusa. Maneno makubwa! Pembeni nimeandika: Na kikimwangukia jirani?

Jioni nimemwuliza Lornah swali hilohilo. Hata hakufikiri.

"Atalipa, Mwalimu. Ng'ombe yako ikila mahindi yangu, si unalipa? Lakini hatufungi ng'ombe zote za Kisumu ati moja inaweza kuruka ua."

Nimesema ng'ombe haanguki kutoka mawinguni. Amecheka hadi akaweka chini chuma cha kulehemu. Mimi pia, kidogo.

Lakini sijaridhika. Tajiri mwenye roketi na mjane mwenye mwanzi, je, uhuru wao ni mmoja? Sijui. Nitalala nikiliwaza.

Alhamisi, 4 Oktoba 1990

Oduor ameniita. Amekwisha kujua kwamba si osuri, na sasa ni vibaya zaidi. Ni mtambo usio na kibali! Leseni ya redio Lornah anayo. Ya kusikiliza mbinguni hana, na Oduor mwenyewe hajui hutolewa ofisi gani. Nikithibitisha kwa mhuri wangu, chombo kitapelekwa stesheni ya polisi, na Lornah nacho. Chombo ndicho kila kitu alichoachiwa.

Oduor si mtu mbaya. Amependekeza barua: Lornah aombe radhi, aombe ruhusa, yaishe.

Nimeiandika mwenyewe. "Kwa heshima na taadhima." Barua safi. Lornah ameisoma hadi mwisho, akairudisha.

"Imeandikwa vizuri sana, Mwalimu. Lakini nimemwibia nani?"

Nikamwambia ataona moto. Akasema anajua.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha watoto kuandika barua ya kuomba: kazi, karo, ruhusa, msamaha. Sikumbuki kufundisha barua nyingine.

Ijumaa, 5 Oktoba 1990

Saa nne kasoro nilikuwa kwa Lornah, fomu ya ripoti mfukoni, tupu. Nilitaka kumsihi mara ya mwisho. Hakunipa nafasi. "Mwalimu, shika mwanzi! Inakuja!"

Mimi, na koti langu! Nikashika. Akaniamuru kugeuza polepole, kutoka upande wa ziwa kuelekea milima ya Nandi. Chombo kikavuma tu. Kisha — sauti. Nyembamba, ya haraka, kama ndege wengi kwenye mti mmoja. Nywele zilinisimama. "Andika saa!" akapaza. Karatasi niliyokuwa nayo ni moja. Nikaandika: saa nne na dakika saba, imeanza.

Nilipoinua macho, Oduor alikuwa langoni, Dorca nyuma yake. Dorca akauliza ni nani analia humo ndani. Oduor akanyoosha mkono apokee ripoti.

"Bado," nikamwambia. "Haijazama."

Akangoja. Dakika tisa nzima naibu chifu alisimama juani, kofia mkononi.

Sasa ni saa sita kasorobo. Yuko sebuleni kwangu, anangoja nigonge mhuri. Fomu iko mbele yangu: upande mmoja maswali ya serikali, upande wa pili saa, dakika na pande za dunia, kwa mwandiko wangu. Mhuri umekauka wino, au nataka uwe umekauka.

Namsikia kupitia ukutani. Anamwuliza mke wangu, kwa sauti ya chini: "Mama Agneta, kesho hiyo kitu itapita saa ngapi?"

Mama wa watu anammiminia chai tu. Nami nisingemjibu kabla ya kujua kama anakuja kusikiliza au anakuja na polisi.