Kibao cha Kisiwa Chetu

Dandora, 6 Februari 1994

Mdogo wangu Idarusi,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na mama mu wazima huko kisiwani. Mimi nipo, kifua tu.

Mulama, yule mkandarasi aliyemwaga mapipa ya sumu nyuma ya nyumba yangu hadi Lela wangu akakohoa damu na kufa, amependekezwa awe mwenyekiti wa kamati ya taka ya mataifa. Redio imemsifu asubuhi nzima. Mkutano ni Juni, hapa Nairobi, kule Gigiri kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, na wewe ndiwe mjumbe wa kisiwa. Mwangushe. Sitaki aniombe radhi, nataka aaibike mbele za watu.

Dada yako,
Hikma

Kisiwani, 2 Machi 1994

Dada mpenzi,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima, mama anakutaja kila siku. Pole na kifua.

Kule mkutanoni hatupigi kura. Jina likisomwa, anayeongoza kikao huuliza kama kuna pingamizi. Watu wakinyamaza anagonga nyundo, limepita. Lakini nchi moja tu ikiinua kibao chake cha jina kilicho mezani, hata kama watu wake hawaujazi mtaa mmoja kama Eastleigh, jambo linakwama. Kwa hiyo naweza. Shida ni kwamba mataifa makubwa yanayomtaka Mulama yametuahidi ukuta wa kuzuia bahari, na waziri ameniamuru ninyamaze. Nyumba ya mama iko ufukweni, dada. Nisamehe.

Ndugu yako,
Idarusi

Dandora, 20 Machi 1994

Idarusi,

Salamu nimezipata. Sijambo, ila kwa hasira.

Ukuta! Mimi nimeosha maiti ya mtoto wa miaka saba kwa mikono hii, wewe unaniletea habari za mawe na saruji. Juzi Mulama alipita hapa na gari jipya akitupungia mkono. Jirani yangu Kavata akaniambia, "Achana na huyo, Hikma. Ni mdosi, ana pesa na wakubwa nyuma yake, utaumia bure." Nikamjibu, "Wacha niumie, bora tuumie wote."

Ukinyamaza, usipite kwangu. Chai yangu hutainywa.

Dada yako, kama bado unamtaka

Kisiwani, 29 Agosti 1994

Dada Hikma,

Amani iwe kwako. Najua ulinisubiri Juni. Waziri aliamuru nipakiwe ndegeni jioni ile ile ya kikao, na tangu hapo sina kazi.

Sikufichi, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kabla ya kikao Mulama alizunguka akiwapa wajumbe mkono. Akafika kwangu, akasoma kibao, akaniruka. Nyundo ilipoinuliwa, nami nikainua kibao. Ukumbi mzima ukageuka. Nikayataja mapipa, nikamtaja Lela kwa jina lake lote. Mulama akauliza, "Kisiwa gani hicho?" Hakuna aliyecheka. Jina lake likaondolewa.

Na ahadi ya ukuta ikaondolewa nayo. Wiki iliyopita maji ya bahari yalimkuta mama amelala, nikamtoa nimembeba mgongoni. Anauliza kila anayepita kwa nini ukuta haujengwi. Nimjibu nini?

Ndugu yako,
Idarusi

Dandora, 18 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Wa alaikum salaam. Nambusu mama mikono.

Ijumaa nilimwona Mulama mjini. Amekonda, na waliokuwa wakimkimbilia sasa wanavuka barabara wasikutane naye. Nilimfuata hadi mlango wa benki nikamcheka usoni, nikacheka mpaka askari wakanitoa. Sijaonja raha kama ile tangu nimzike mwanangu.

Mama mwambie kweli. Mwambie ni mimi niliyemkosesha ukuta, na ningerudia kesho. Kisha mlete kwangu. Kitanda cha Lela kiko wazi.

Dada yako,
Hikma