Franga ya Pembe Sita

Mujukuu wangu Neema,

Barua yako imetukuta shambani, tukaisoma palepale. Mama yako mukubwa amepona, mbuzi amezaa mapacha, na wote wanakusalimia huko Lubumbashi. Unauliza ununue alubamu gani ya sarafu zako. Lo, umenifurahisha!

Wakati wa Wabelgiji, mimi na dada yangu Asha tulishonea sarafu zetu kwenye kitambaa, maana zilikuwa na tundu katikati. Siku moja baba akatuletea toka soko ya muji wa Kasongo sarafu moja ya franga mbili, ya pembe sita, yenye tembo, bila tundu. Asha akashika musumari na nyundo.

"Tuitoboe!"

"Utamutoboa tembo tumbo!" Nikainyakua, nikakimbia.

Baba akacheka mupaka machozi. Akakata dirisha katika karatasi ngumu, akaipachika sarafu humo, ikaonekana mbele na nyuma. Tuliruka kwa furaha! Tukafumua kitambaa chote, tukakatia kila sarafu dirisha lake.

Kwa hiyo tandika sarafu zako zote mezani kwanza, uziangalie vizuri, ndipo uende dukani. Kisha uniandikie ni sarafu ipi imekataa kuingia katika alubamu. Hiyo ndiyo nataka sana kusikia habari yake.

Ni mimi tate yako, Kasongo.