Nilimujibia Merveille

Domi, uko pale? Usinipigie, andika tu. Niko mu kolido ya maternité, batu bananiangalia.

Nimefanya kitu ya haya.

Unamujua Merveille wa kule Kasha, ule mwenye mimi, mukunga wake, nafuata mimba yake tangu mwanzo. Siku zake za kuzaa zilishapita, basi leo nikamusindikiza kwa dokta. Mama mukwe wake naye akakuja. Kila swali ya dokta, mama mukwe ndiye anajibu. Nikamuambia na heshima yote: mama, mwili ni ya Merveille, acha ajisemee, utungojee mu kolido. Akatoka.

Sasa dokta akaeleza yote vizuri, akamuuliza Merveille: "Tukuanzishie uchungu leo, ao ungojee kidogo?"

Na mimi nikajibu. Domi, MIMI. "Hapana dokta, sisi tutangojea."

Sisi.

Dokta akaniangalia. "Maman, niliuliza yeye."

Merveille akainamisha kichwa, akasema polepole: "Mi nilitaka leo. Nimechoka. Lakini kama sage-femme anakatala..."

Kama nakatala. Mimi mwenye kufundisha bamama kila siku ya samedi: hakuna mutu wa kukuchagulia.

Nikaomba pardon, nikatoka ili baongee bila mimi. Amechagua leo.

Mama mukwe alikuwa angali anaikala kwa benchi. Hakunicheka hata. Alisogea tu, akapanguza nafasi na kitenge yake.

"Ikala, binti yangu. Kumbe na weye bamekufukuza."