Mashimo Matano ya Ruiru

Jumatatu, 8 Aprili 1957

Siku ya tatu ya kuchimba. Malengelenge mawili mkono wa kulia, moja wa kushoto. Nimekwangua tope kwenye viatu kabla Mama hajaviona. Gari la moshi la asubuhi kutoka Thika hadi Ruiru, la jioni kurudi. Barua ya ruhusa ya safari, ambayo askari wa Hali ya Hatari huidai stesheni, anayo Stefano, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumwacha nyuma.

Stefano ndiye kiongozi wa Chama cha Huduma. Wanachama wote ni wanafunzi wa chuo kikuu huko Kampala, wako likizoni. Isipokuwa mimi, niliyemaliza shule Desemba na bado sina pa kwenda. Mwalimu wangu wa zamani aliwaomba wanichukue. Tunachimba mashimo ya takataka nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kahawa, ili inzi wapungue. Mashimo matano. Upana hatua mbili, kina hadi kiunoni.

Maneno niliyosema leo: "ndiyo" mara nne, "pole" mara moja. Pole ilikuwa ya kuku.

Jumanne, 9 Aprili

Tumemaliza. Stefano amepanda juu ya fungu la udongo akatoa hotuba kuhusu usafi. Robo tatu za saa. Hotuba nzuri, imepangwa vizuri. Ila ilikuwa saa nne asubuhi na akina mama wote walikuwa kwenye kahawa wakipalilia, kama kila siku. Wasikilizaji walikuwa sisi, kuku, na mzee mmoja aliyekuwa akiota jua. Stefano akauliza kama kuna swali. Mzee akauliza ni saa ngapi.

Nikajiuliza: wenye nyumba wataambiwa na nani? Sikusema. Nilidhani mtu wa chuo kikuu ameshalifikiria hilo.

Alhamisi, 11 Aprili

Tumerudi kukagua. Mashimo yote yametiwa mavi ya mbuzi, majani makavu na jivu, tabaka juu ya tabaka, safi kabisa. Stefano nusura alie. "Mnaona? Siku mbili tu! Watu wakifundishwa vizuri hushika." Ameiandika kwenye ripoti ya chuo papo hapo, ameegemea ukuta.

Mimi nimeinama kutazama. Mavi ya mbuzi si takataka. Mama yangu huyalinda kama sukari. Mavi, majani makavu, jivu, halafu mvua ya kwanza, halafu mche wa ndizi. Hilo ni shimo la mgomba. Upana hatua mbili, kina hadi kiunoni. Akina mama wametoka kwenye kahawa jioni, mwanzo wa mvua, wakakuta nyuma ya nyumba zao mashimo matano ya migomba yamechimbwa na watu wasiowajua. Ningekuwa wao ningepiga magoti.

Stefano amelelewa kwenye mabweni ya misheni. Tabitha, msichana pekee mwingine chamani, amekulia kwenye nyumba za reli Kisumu. Hao wengine hawatazami mashimo, wanatazama saa. Ninayejua ni mimi. Sikusema. Mwoga.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefanya mazoezi mbele ya sufuria. "Bwana Stefano, yale si mashimo ya takataka tena." Sufuria imenisikiliza vizuri.

Kwenye mkutano wa chama nikainua mkono. Wote wakageuka. Nikasema, "Bwana Stefano, yale mashimo..."

"Ndiyo, dada, ni mazuri sana," akasema, akaniandika miongoni mwa waliochangia. Nikaketi.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mvua tangu jana. Kanisani kila mtu amemshukuru Mungu kwa mvua. Mimi nilikuwa nahesabu miche.

Baba ameuliza chama kinanifundisha nini. Nikasema kuchimba. Akasema kuchimba hata hapa nyumbani kupo. Pasaka ikipita, kama chama hakina kazi nami, nitakwenda Kiganjo kumlelea shangazi mapacha. Mapacha wale wanauma. Sitaki Kiganjo. Nataka kubaki chamani, nataka kwenda nao kambi ya chama ya Agosti. Nimeandika wazi ili nisijidanganye.

Jumatatu, 15 Aprili

Afisa wa afya anakuja keshokutwa kukagua. Kila mmoja wetu atasimama kwenye shimo lake amweleze mgeni. Mimi nimepewa la tatu. Stefano amesema asiyefungua mdomo siku hiyo hatakwenda kambini. "Chama hiki hakihitaji sanamu." Hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

Nimemweleza Tabitha kila kitu nje, karibu na ua. Amecheka mpaka akaushika ua.

"Mwambie Stefano," akasema.

"Mwambie wewe."

"Mimi nijue migomba, mdogo wangu? Mwenye habari ni wewe."

Nimekwenda hadi mlangoni kwa Stefano. Alikuwa anapiga pasi suruali ya Jumatano. Nikarudi.

Jumatano, 17 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Afisa alikuja na mwavuli na buti za mvua. Mtu mpole, mwenye haraka. Stefano alimhutubia tangu stesheni. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Mashimo matano, miche mitano ya ndizi, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti usianguke. Nyapara alikuwa amewaachia akina mama mapema kwa ajili ya mgeni. Walijipanga wamevaa nguo za kanisani. Mbele alisimama Mama Wambui, msemaji wao, ameshika kibuyu cha uji wa kutushukuru.

Stefano akanyamaza. Sijawahi kumwona akinyamaza. Sikujua mdomo wake ni mdogo hivyo.

Halafu akawageukia. "Nani ameharibu kazi yetu?"

Mama Wambui akakitazama kibuyu chake, akakiweka chini polepole. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Hawajaharibu," nikasema.

Sauti ilitoka kama ya mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Kuku wakakimbia. Nikajaribu kuipunguza, ikakataa. Nikasema hotuba ilitolewa wakati wenyewe wako kwenye kahawa. Nikasema hakuna aliyewauliza kitu wala kuwaambia kitu. Nikasema shimo kama lile, msimu kama huu, kila mama angelipanda mgomba. Nikasema mimi nilijua tangu Alhamisi, nikanyamaza, na hilo ndilo kosa. Kisha nikawageukia akina mama nikayasema yote tena kwa Kikuyu, kwa sauti ileile. Nadhani Thika wamesikia.

Kisha Mama Wambui:

"Kumbe haka kasichana kana mdomo. Ulikuwa umeuficha wapi, mami?"

Akina mama wakacheka. Akamgeukia Stefano. "Na takataka gani hizo, kijana wangu? Maganda nampa mbuzi, mbuzi ananipa mavi, mavi nawapa ndizi. Ninyi huko chuoni mnakula nini, hata mkabakiza cha kutupa?"

Stefano akasema kuna mikebe. Na chupa.

"Mkebe?" akasema Mama Wambui. "Mkebe ni kikombe."

Afisa alikuwa ameinamisha mwavuli usoni, lakini mabega yake yalionekana yakitikisika kwa kicheko. Akaomba uji. Akasema migomba isiguswe, na mashimo ya takataka yachimbwe penginepo, ila safari hii wenye nyumba waulizwe kwanza.

Tulirudi stesheni. Stefano alikaa behewa lingine.

Alhamisi, 18 Aprili

Stefano amekuja nyumbani. Aliketi kofia ikiwa magotini.

"Ulijua tangu Alhamisi iliyopita."

"Ndiyo."

"Ripoti nimeshaitia posta."

"Najua."

Nikammiminia chai. Nilimwomba radhi. Ningesema mapema, asingeaibika mbele ya mgeni. Akasema hata bila kusema neno, ningelipiga lile shimo teke tu, angeelewa. Kisha, akiitazama kofia, akaomba Jumamosi tukifika Ruiru nitangulie niwaulize akina mama, saa kumi, wakishatoka kazini. Yeye atabeba majembe. Hakufurahi kuomba. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumamosi, 20 Aprili

Akina mama ishirini, wote wanasema kwa pamoja. Mmoja anataka shimo mbali na kisima. Mwingine anataka mbali na mlango wake lakini karibu na wa jirani. Wawili wana ugomvi wa zamani wa kuku na wakaumaliza hapo, yaani wakauanza upya. Saa nzima nimewaambia, "Mmoja mmoja, mama, mmoja mmoja, huyu hajamaliza." Hatimaye wamekubaliana: shimo moja tu, chini ya njia, mbali na kisima. Stefano amechimba. Aliniuliza mara tatu kama kweli ni hapo. Yaani kama mimi nina hakika.

Tabitha ananiambia jina langu limo kwenye orodha ya Agosti.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Sauti imekwisha kabisa. Kanisani nimefungua mdomo bila kutoa kitu. Mama amenipa maji ya moto na asali.

Baada ya chakula Baba ameuliza kama nakwenda Kiganjo au kambini. Mama amejibu kwa niaba yangu: kambini. Baba amenigeukia mimi. Nimeitikia kwa kichwa.

"Basi," akasema, akavuta kiti karibu na dirisha.

Tumekaa tukisikiliza mvua.