Sekunde Hamsini na Mbili za Mama Marcelina

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Manispaa ya Musoma, tarehe 6/2/2025, kuanzia saa 4:10 asubuhi.

Jina: Faudhia Abdulnasir
Umri: Miaka 31
Jinsia: Mwanamke
Dini: Muislamu
Kazi: Biashara, duka la steshenari na fotokopi
Makazi: Kamunyonge, Musoma

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwamba sikuitwa hapa kituoni. Nimekuja mwenyewe baada ya kusikia kuwa Jastin Bernado, mkazi wa Butiama, yuko ndani kwa kumshambulia mzee Enoka, fundi baiskeli wa Kamunyonge, na kwamba aliwaambia askari alipandwa na hasira kwa sababu ya habari aliyoisikia mtandaoni. Habari hiyo niliitengeneza mimi.

Mwaka 2021 nilifungua gurupu la WhatsApp nikaliita Mara Tulikotoka. Marehemu babu yangu alikuwa mpiga picha hapa mjini na aliacha maboksi ya picha. Nikawa naweka picha moja kila Ijumaa nauliza, nani anawafahamu hawa? Mtu wa Bunda anamtambua shangazi yake, wa Butiama anamwona mwalimu wake wa darasa la kwanza, maneno yanaanza hapo. Hadi mwaka jana tulikuwa memba 870, na mimi ndiye admin.

Jastin alikuwa memba wa siku nyingi. Mwezi wa nane mwaka 2023 aliandika hivi, na ujumbe huo bado ninao: "Baba yangu Bernado alizama Mugango mwaka 1983 mimi nikiwa tumboni kwa mama. Kuna anayejua ilikuwaje? Nyumbani hawasemagi." Watu walimpa pole. Hakuna aliyemjibu swali lake.

Mnamo Novemba 2024 tulikubaliana kwenye gurupu tuanzishe podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho mtu anasikiliza kwenye simu wakati wowote anaotaka. Nathan, memba wetu wa Bunda anayerekodi kwaya na harusi, alijitolea kuhariri sauti. Mimi ndiye ningekuwa mtangazaji. Nikasema kipindi cha kwanza kiwe swali la Jastin, kuzama kwa mtumbwi wa Mugango, kijiji cha kando ya ziwa. Nikatangaza kwamba tutazindua Jumamosi tarehe 1 Februari 2025. Jastin aliniandikia kunishukuru. Alisema atawakusanya ndugu zake wasikilize pamoja.

Mnamo tarehe 11 Januari 2025, siku ya Jumamosi, saa 5 asubuhi, nilifika Mugango nyumbani kwa mama Marcelina. Mwaka 1983 alikuwa mtoto wa miaka tisa, na alikuwemo kwenye ule mtumbwi. Alinipa ugali na samaki aina ya furu wa kukaanga kwanza, akasema mambo kama haya hayasimuliwi na njaa. Tulikaa ndani kwa sababu nje upepo ulikuwa unaingia kwenye kinasa sauti. Alizungumza saa moja na dakika saba.

Alisema walikuwa watu kumi na mmoja wanavuka kwenda msibani. Upepo ukabadilika, wimbi likawamwaga wengi majini, mtumbwi ukajaa maji nusu. Ndani wakabaki watoto watatu na mwendeshaji, Enoka, kijana wa miaka thelathini na moja. Waliokuwa majini wakashika ubao wa mtumbwi upande mmoja na mtumbwi ukaanza kulala. Enoka akawaambia waachie, wazunguke upande wa pili. Hawakuachia. Ndipo akachukua kasia akawapiga mikono.

Baada ya hapo mama Marcelina alinyamaza, nami sikumharakisha. Halafu akasema: "Mama yangu Jenoveva alikuwa upande niliokaa mimi. Enoka hakumpiga. Alinyanyua kasia, akashindwa. Mama akamwambia, fikisha watoto. Akaachia mwenyewe. Mimi ni mzima leo kwa sababu ya kasia lile. Nimelichukia miaka na miaka, halafu nimezaa watoto sita, nikaanza kulielewa."

Nilipozima kinasa sauti alinishika mkono. Akasema, "Mwanangu, jina lake usiliweke. Yuko huko kwenu Kamunyonge, anatengenezaga baiskeli. Muache azeeke." Nikamwambia, "Sitaliweka, mama." Nilijua anamsema nani. Mzee Enoka ndiye aliyenirekebishia baiskeli yangu ya kwanza nikiwa darasa la tano.

Mnamo tarehe 26 Januari, siku ya Jumapili, nilikwenda Bunda kwa Nathan. Tulihariri kuanzia saa 4 asubuhi hadi jioni. Nathan aliliondoa jina kila mahali lilipotajwa, mara tisa. Nilimwambia kwamba bila jina kipindi kitapoa. Akanijibu, "Mama amesema asitajwe. Hatajwi." Aliniwekea kwenye flashi kipindi kilichokamilika pamoja na sauti halisi ambayo haijaguswa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatuma kionjo cha kwanza, mama Marcelina akieleza Mugango ya utoto wake, mashamba ya pamba na kwaya ya kanisani. Kati ya memba 870 walisikiliza watu arobaini na kitu. Mmoja aliandika, "Dada Faudhia, umetuletea hotuba." Niliona aibu. Nilikuwa nimejitangaza sana, hata kadi nilizichapa na kuzibandika dukani.

Mnamo tarehe 30 Januari, siku ya Alhamisi, mchana, nikiwa dukani peke yangu, nilifungua ile sauti halisi. Nilikata kipande cha sekunde hamsini na mbili. Kinaanzia pale watu waliposhika ubao. Mama Marcelina anasema: "Enoka akachukua kasia akaanza kuwapiga mikono. Mmoja mmoja. Nilikuwa naona vidole vinaachia." Nikakata hapo. Maneno kuhusu mama yake yalikuwa yanafuata baada ya kimya cha sekunde kumi na nne tu. Niliyaona kwenye kioo cha kompyuta, yanaonekana kama vilima vidogo, na nikayaacha nje. Nikaongeza sauti ya maji. Chini yake nikaandika: "Enoka ni nani? Usikose Jumamosi hii."

Nilituma saa 6:40 mchana. Hadi saa 9 kilikuwa kimeshaingia kwenye magurupu ambayo mimi siyajui. Wateja walikuwa wanakuja kutoa kopi huku wanakisikiliza, hawajui kama ni mimi. Nilifurahi. Naomba hilo liandikwe. Nilifurahi sana.

Saa 10:05 jioni mtu mmoja aliandika kwenye gurupu, "Huyu si yule mzee fundi baiskeli wa Kamunyonge?" Mimi kama admin nilikuwa na uwezo wa kufuta ujumbe ule. Sikuufuta.

Saa 10:30 Jastin aliniandikia pembeni, nje ya gurupu: "Dada, ni kweli ndiye huyo wa Kamunyonge?" Nikamjibu: "Ndiye. Kesho kutwa utasikia yote." Nilikuwa najua kabisa Jastin ni mtoto wa nani. Kwa wakati ule nilimwona kama msikilizaji.

Siku hiyohiyo jioni Nathan alinipigia akauliza jina limerudije. Nilimdanganya. Nilisema huenda nilichanganya mafaili. Akasema, "Kitoe sasa hivi." Nikasema nakitoa.

Ijumaa tarehe 31, saa 11 jioni, alipiga mama Marcelina. Simu yake ni kitochi cha kupiga na kupokea tu, jirani ndiye aliyemsikilizisha kipande kile. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Faudhia, ile ni sauti yangu, lakini sikusema hivyo." Nilimwomba radhi, nikamwambia nitakifuta na kesho watu watasikia habari nzima. Akauliza, "Kwa nini kesho?" Kisha akakata simu. Sikukifuta. Kwa makadirio yangu wasikilizaji walikuwa wamepita elfu tatu, nikajiambia usiku mmoja hauna madhara.

Mnamo tarehe 1 Februari 2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa 3:15 asubuhi, nilikuwa nafungua duka. Mwendesha bajaji alisimama akaniambia mzee Enoka amepigwa. Nilikwenda kwa miguu, ni mwendo wa dakika kama saba.

Nilimkuta mzee Enoka amekaa chini mbele ya kibanda chake, bintiye Ghati anamfunga mikono kwa khanga. Damu ilikuwa kwenye benchi la kazi. Jastin alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, ameegemea gurudumu, mpini wa jembe uko pembeni yake, analia. Watu walimzunguka lakini hakuna aliyemgusa. Hakujaribu kukimbia.

Tukio lenyewe sikuliona. Alinieleza Ghati, aliyekuwa mlangoni. Jastin alifika akamsalimia mzee vizuri, shikamoo, kisha akauliza, "Wewe ndiye Enoka wa mtumbwi wa Mugango?" Mzee akajibu, "Ndiye mimi." Jastin akasema, "Baba yangu ni Bernado." Mzee akaweka chini spana aliyokuwa nayo. Jastin akamwambia aweke mikono juu ya benchi, na mzee akaiweka. Ghati anasema alipiga kelele na kumkimbilia baba yake lakini hakuwahi, mpini wa jembe ulikuwa umeshashuka.

Ghati aliniona akaniomba nimwitie bajaji ya kumpeleka baba yake hospitali. Naomba na hili liandikwe. Kabla ya kuita bajaji nilitoa simu nikafuta kipande kile. Ilikuwa saa 3:41. Nilifuta kwanza, ndipo nikaita bajaji. Ghati alikuwa ananiangalia, akadhani natafuta namba ya dereva.

Kipindi hatukukirusha. Mchana huo nilimpigia Nathan nikamweleza ukweli wote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa," akakata simu. Tangu hapo nimemkabidhi yeye gurupu. Mama Marcelina hapokei simu yangu.

Mnamo tarehe 4 Februari, siku ya Jumanne, saa 7 mchana, muda wa kuona wagonjwa, nilikwenda wodini kwa mzee Enoka. Mkono wa kulia umevunjika vidole vitatu, wa kushoto kifundo, pale mkono unapoungana na kiganja. Ghati alisema daktari hana uhakika kama atashika spana tena. Nilimwambia mzee kwamba kile kipande nilikata mimi, nikasambaza, na jina lake nikalitaja. Nilipiga magoti, akasema niinuke, watu wanaangalia.

Akaniuliza aliyesema ni nani. Nikamwambia ni Marcelina, mtoto wa Jenoveva. Mzee Enoka aliondoka Mugango mwaka uliofuata baada ya ajali na hakurudi tena. Akauliza, "Alisema nini kingine?" Nikamwekea sauti halisi kwenye simu, nikamwekea spika ya sikioni kwa sababu hawezi kushika. Alisikiliza saa nzima amefumba macho. Pale penye maneno ya Jenoveva alifumbua. Akasema, "Sikujua kama yule mtoto alisikia." Akaniomba nirudishe nyuma. Nilirudisha mara nne.

Kisha akasema, "Ungeanza na hii." Hakunitukana, na hakuniambia amenisamehe.

Nilipotaka kuondoka aliniambia jambo la Bernado, nalo ndilo lililonileta hapa zaidi. Alisema: "Huyo kijana aliuliza baba yake alikufaje. Baba yake hakuwa anagombania kuingia. Alishika ubao kwa mkono mmoja, kwa mwingine alikuwa anamsukumia mtoto ndani. Mtoto aliingia, akawa wa tatu, nikampokea mimi. Mtumbwi ukalala, nikampiga Bernado mkono uleule alioshikia. Hakunilaumu. Alikuwa haongei, anahema tu. Mwambieni. Miaka yote hii nilikuwa namsubiri aje aulize, ningemwambia." Akasema pia kwamba yeye binafsi hataki Jastin afungwe, lakini hilo mimi sijui sheria inasemaje.

Naomba Jastin afikishiwe maneno haya. Ni jibu la swali aliloliuliza kwenye gurupu langu, na ilikuwa kazi yangu kumletea. Nimekuja na flashi yenye sauti yote, kipande nilichokikata, na picha za mazungumzo yangu na Jastin, pamoja na lile jibu langu la saa 10:30. Sitetei alichofanya Jastin. Ninachosema ni kwamba nilimpa nusu ya habari nikijua nusu ya pili iko wapi.

Niliyoyasema ni niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda mimi mwenyewe, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Saini ya shahidi: F. Abdulnasir

Maelezo ya askari mwandishi:

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Kudura, kwa kadiri shahidi alivyosema, nikamsomea kwa sauti naye akakubali kuwa ni sahihi, isipokuwa sehemu tatu. Nilikuwa nimeandika "kipande kilikatwa", "kikasambaa" na "jina likajulikana". Shahidi ameomba yafutwe na yaandikwe "nilikata", "nikasambaza" na "nikalitaja". Nimerekebisha, na ametia saini kando ya kila neno. Flashi moja rangi nyeusi imepokelewa kama kielelezo.

Shahidi aliuliza kama naye anawekwa ndani. Nimemjibu kwamba kwa sasa arudi nyumbani, ataitwa akihitajika. Alikaa kwenye benchi la mapokezi hadi saa 8:20 mchana nilipomwambia kwa mara ya pili kwamba anaruhusiwa kuondoka.