Baba, Siku Uliyobomoa Nguzo Zako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini sijui njia nyingine ya kuanza maongezi na wewe. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukulaze kaburini kule Matogoro, na kuna jambo moja sikuwahi kukuambia ulipokuwa hai. Mimi na wewe tulizungumza sana habari za simenti na nondo. Habari za moyoni tulizipita pembeni.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani. Ofisi ya serikali nilimokuwa nikipiga mahesabu ya uimara wa majengo ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwao. Nikashuka Songea na sanduku moja, mhandisi asiye na jengo. Wewe ulikuwa fundi mwashi, na nyumba nyingi za matofali za mtaa wetu zilipita mikononi mwako. Shahada yangu ulikuwa umeitundika sebuleni, juu kuliko picha ya harusi yako na mama. Kila nikiitazama nilitamani kuishusha.

Ndipo nikaanza kukimbia. Nilinunua raba za mtumba, nikawa natoka asubuhi na mapema kuifuata barabara ya Namtumbo mpaka miguu ikatae. Majirani walidhani akili imeniruka. Siku moja ukanisimamisha uani, mswaki mdomoni.

"Mwanangu, nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, Baba. Nikikaa tu, nawaza."

Ulisukutua, ukatema maji, ukaenda kuupaka mafuta mnyororo wa baiskeli yako. Kesho yake nilipotoka, ulikuwa nyuma yangu unapiga pedeli, koti la Misa mwilini kwa sababu ya baridi ya Juni.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Waliokuwa wakiuza sabuni juu ya meza walifungua maduka, na tajiri mmoja akataka ghorofa karibu na soko. Alikuchukua wewe uwe fundi mkuu, nawe ukamwambia una mtoto mhandisi. Nilipoanza kuchora ramani ile usingizi wangu ulirudi. Ulipenda kusimama nyuma yangu ukitazama mistari, usiulize, unaguna tu kwa kuridhika.

Kisha nikasafiri kwenda Makambako kufuata nondo za sakafu ya juu. Nondo zikachelewa, nikakaa huko siku nyingi kuliko nilivyopanga. Niliporudi, nguzo nne za mbele zilikuwa zimeshamwagwa zege na mbao zimefunguliwa. Rangi yake ilikuwa imepauka. Nikaokota msumari, nikakwaruza. Mchanga ulimwagika kama unga.

"Baba, mmechanganyaje zege hili?"

"Kama tulivyopatana."

"Baba."

Ukatazama chini. "Tajiri alisema tuzidishe mchanga, simenti iliyobaki itoshe. Nimejenga hivyo miaka yote, na nyumba zangu zimesimama."

"Nyumba zako hazijabeba ghorofa kichwani. Hizi zitabeba watu."

Vibarua waliacha machepe wakawa wanatusikiliza. Nilijua nikisema ninachotaka kusema nitakuwa nimekuvua nguo mbele yao. Nikasema, "Zibomolewe." Ulilaza mwiko wako juu ya tofali, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, ukaondoka bila kuniangalia. Jioni mama alipotenga ugali ulisema umeshiba. Mama akanitazama. "Umemfanya nini baba yako?"

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Asubuhi iliyofuata nilikimbia mbali kuliko siku zote, na kila hatua nilikuwa najitafutia sababu. Labda nimezidisha uoga. Labda tukizungushia zege jembamba na kupiga plasta hakuna atakayejua. Mpaka nageuka kurudi mjini nilikuwa nimeshaamua, Baba. Nilikuja moja kwa moja kwenye lile jengo kukuambia tuziache zilivyo. Mimi, mwenye shahada ukutani, nilikuwa tayari kuweka watu chini ya nguzo mbovu ili baba yangu asininunie.

Nikakukuta umefika kabla yangu, peke yako, na nyundo kubwa mkononi. Nguzo ya kwanza ilikuwa chini. Vumbi lilikuwa limekujaa kwenye nyusi.

"Zimebaki tatu," ulisema. "Shika nyundo ile pale."

Nilishika. Maneno niliyokuja nayo niliyameza, na wewe hukuyajua kamwe. Tajiri alipofika akaanza kufoka, ulimwambia, "Mzee, kosa ni langu, nilikubali nisilopaswa kukubali. Ukitaka kufukuza, anza na mimi. Lakini mtoto huyu hajakosea." Alizunguka pale kwa muda, akikanyaga vifusi, kisha akauliza mifuko mingine ya simenti inahitajika lini.

Jengo lilipokwisha niliamua kukimbia kutoka Songea hadi Namtumbo bila kupanda gari, nawe ukasema utanisindikiza. Jua lilipopanda, kwenye kilima kimoja katikati ya mashamba ya tumbaku, miguu ilinigomea. Nikakaa kwenye majani. "Tusimamishe lori, Baba. Nimeshindwa."

Ulilaza baiskeli, ukaketi karibu yangu, ukanipa uji wa kwenye chupa. Kisha ukasema, "Siku ile ya nguzo, kutoka nyumbani mpaka sokoni, nilitaka kurudi mara nyingi sana. Niliona haya. Kunywa uji wako kwanza. Habari ya lori tutaizungumza ukimaliza." Nilipomaliza uji hukuitaja tena, nami sikuiulizia. Tuliingia Namtumbo jua limeinama, mimi nachechemea, wewe unasukuma baiskeli, na mama mmoja muuza maandazi akatuuliza, "Jamani, kwani Songea mabasi yamekwisha?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Pale kwenye majani ningeweza kukuambia ukweli wangu. Wewe ulinipa wako, mimi nikanywa uji. Nisamehe.

Lile jengo limesimama, na maduka yake yamejaa watu. Nina ofisi yangu sasa, chumba kimoja na meza ya kuchorea, na kazi hazikatiki. Wiki hii niko Namasakata, tunajenga zahanati. Fundi mkuu ni mwanamke wa hapa, Bi Zuhura. Jana lori lilileta mchanga, nami kwa haraka zangu nikausainia. Bi Zuhura akachota, akaufikicha, akanijia.

"Mhandisi, uniwie radhi. Mchanga huu una udongo. Mimi sichanganyi."

Watu wote wakanigeukia. Nikachota na mimi, nikafikicha. Kiganja kikabaki chekundu.

"Una haki, Bi Zuhura," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote. Nikamwita dereva ageuze lori. Sikuona haya hata kidogo, Baba. Niliona raha, na nikatamani mno ungekuwepo uone jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mchanga mwingine umefika leo. Kesho tunamwaga msingi.

Pumzika kwa amani, mzee wangu.

Mwanao wa pili